Mjomba, hawakupimi wewe

Mjomba, shikamoo.

Mama kaniambia umegoma kwenda kupima kifua kikuu, yaani TB. Nauli unayo, ila kijana wa kliniki alitamka neno "vinasaba", nawe ukamjibu kwamba mambo ya DNA ni ya Mkemia Mkuu na watu wanaogombania watoto. Nilicheka, unisamehe. Kisha nikakumbuka lile ambalo nyumbani hatulisemi: Bibi alikohoa, Mjomba Mkubwa akakohoa, sasa zamu yako. Unaogopa mashine itasema ukoo una kifua.

Vinasaba vinavyosomwa si vyako, Mjomba. Ni vya kidudu kinacholeta TB.

Kazi yenyewe ndiyo naifanya kila siku. Kikopo chako kikifika maabara, namimina kemikali mara mbili ya makohozi, nafunga, natikisa, naacha dakika 15 mpaka ule uzito unaovutika kama bamia uwe maji. Navuta mililita 2, natia kwenye katriji inayoenea kiganjani, naipachika kwenye mashine iitwayo GeneXpert. Hazipiti saa mbili, inajibu mawili: kidudu kipo au hakipo, na rifampisini, dawa kuu ya TB, itakiweza au la.

Kidudu cha TB kina herufi za vinasaba kama milioni 4.4, na zilisomwa zote mwaka 1998. Mashine haihangaiki nazo zote. Inakwenda kwenye herufi 81 tu za jeni (kipande cha vinasaba) iitwayo rpoB, pale pale rifampisini inapokishikia kidudu. Herufi moja ikigeuka hapo, dawa inaweza kuteleza. Chukua neno "baba", geuza b ya pili, umepata bata.

Ndiyo maana nakusumbua wewe hasa. Mwaka juzi uliacha vidonge vya TB ukiwa mwezi wa tatu wa dozi, ulipoona shati limeanza kukujaa tena. Vidudu hukosea herufi vinapojinakili. Dawa ikikatishwa, vile ambavyo kosa limevifaa ndivyo vinaweza kubaki na kuzaana.

Na Bibi? Alilala chumba kimoja na Mjomba Mkubwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Siku hizi vidudu vya wagonjwa wawili vikisomwa vinasaba vyote, vikakutwa vinatofautiana herufi chache tu, inaelekea maambukizi ni ya karibuni na yana njia moja. Wao hawakusomewa, lakini mimi lile gunia nalishuku kuliko mkosi wowote. (Yapo magonjwa ya mapafu yanayorithiwa kweli. TB haimo.)

Zile sindano za miezi na miezi unazozihofia, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge tu bila sindano, miezi 6, kwa wengi ambao TB yao imeishinda rifampisini.

Jumamosi nakuja na kikopo. Alfajiri, kabla ya chai, sukutua kwa maji, kisha ukohoe kutoka chini kabisa, mate sipokei. Na ukoholee uani, penye upepo, si chumbani kwa watoto.