Wa kwanza ni Antao, si Omanyala

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lenu nanyamaza, lakini ile stori ya Omanyala imenishinda. Eti ndiye Mkenya wa kwanza kuchukua dhahabu ya mbio fupi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Omanyala nampenda sana, siku ile aliposhinda mita 100 kwa sekunde 10.02 kule Birmingham 2022 nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka, lakini wa kwanza si yeye. Wa kwanza ni Seraphino Antao, mtoto wa Mombasa, Perth, Australia, mwaka 1962, na hakuchukua moja, alichukua mbili, yadi 100 na yadi 220. Ndizo dhahabu za kwanza kabisa za Kenya kwenye michezo ile, na uhuru wenyewe hatujapata. Kipchoge Keino naye, gwiji wetu wa mbio ndefu, alikuwa huko Perth, akarudi bila medali.

Madhara ya stori kama hizo nimeyaona kwa macho. Majuzi nimeenda michezo ya shule ya mjukuu wangu, mwalimu kashika maiki anawaambia watoto kwamba Wakenya mbio fupi tumezijua juzi tu. Alipomaliza nikamfuata kwa adabu, nikamwambia mwalimu, yuko Antao. Akatoa simu, akatafuta, akaiona picha, akaniambia, "Lakini mzee, huyu si Mhindi?" Na watoto wamesimama pale wanasikia. Mhariri, damu ilinichemka. Mtu kazaliwa Mombasa, mazoezi yake kafanya Mombasa, wakati ambao ukilipwa kwa kukimbia unafungiwa, hakuna posho hakuna kampuni ya kukupa viatu, akaenda akamwacha nyuma Tom Robinson wa Bahamas na Waaustralia wakiwa kwao, halafu 1964 Tokyo, Olimpiki ya kwanza ya Kenya huru, yeye ndiye aliyepewa bendera yetu aibebe mbele ya dunia nzima, leo aulizwe kama ni Mkenya! Bendera angepewa mgeni? Asili yao ni Goa, India, sawa, na babu yangu mimi alitoka Hadhramaut, Yemen, basi na mimi nifutwe? Amefia London 2011 na watoto wa mji wake hawamjui hata kwa jina.

Na viwanja navyo viko wapi? Pale tulipokuwa tukikimbia utotoni sasa ni magodauni na malori yamelala, watoto wanafanya mazoezi kando ya barabara tuktuk zinawapigia honi, halafu watu wanauliza mbona Pwani haitoi wakimbiaji.

Nataka sahihisho, tena ukurasa wa michezo na picha yake, si kule chini karibu na matangazo ya vifo. Na shule yoyote Mombasa iliyobakiwa na kiwanja ipige chokaa karibu mita 91 na nusu, ndiyo yadi 100 hiyo, na pale mwisho waandike ANTAO 1962 kwa herufi kubwa, mtoto azisome huku anakuja mbio. Shule ya mjukuu wangu chokaa nanunua mimi, mwalimu yule ashike kamba tu.

Msomaji wenu,
Mombasa