Msingi wa Babu

Mwanangu Zuhura,

Salamu sana, na mama yako nisalimie. Ujumbe wako nimeupata. Fundi anang'ang'ania tujenge palepale kwenye msingi wa babu kule Pongwe, eti tutaokoa hela, nawe hutaki. Sijaamua. Ila Jumapili nilipanda kilima kimoja nje ya mji huu wa Salisbury, huku Uingereza, nikakukumbuka.

Panaitwa Old Sarum. Watu wa zama za chuma walijenga boma pale yapata miaka 2,400 iliyopita: handaki likazunguka kilima, udongo wake ukarundikwa kuwa tuta. Nilishuka mle handakini nikawa kama kisoda. Mahali nyasi zilipochubuka, chini ni kweupe kama chokaa. Viatu vyangu vya kazini vimegeuka rangi.

Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuwa na haraka. Nani achimbe upya na handaki lipo? Wakainua ngome yao katikati ya boma lile la kale, na pembeni kanisa kuu. Fundi wako angewapigia makofi. Kanisa likawekwa wakfu mwaka 1092. Siku 5 baadaye dhoruba ikaliharibu.

Wakatengeneza, wakaendelea kukaa. Kilichowashinda ni ya kila siku. Makasisi walipeleka malalamiko hadi kwa Papa: upepo unavuma hata hawasikizani wakiimba, weupe wa ardhi unawaumiza macho, askari wa ngome wanawabania njia, na maji ni ya kununua. Ya kununua, Zuhura, kama sisi na yale madumu mwaka uliozaliwa! Mwaka 1220 wakaanza kanisa jipya bondeni, karibu na mto. Watu wakahamia huko, na mawe ya kanisa la juu nayo yakateremshwa. Kichekesho ni kwamba kilima kilibaki karibu kitupu, lakini kikaendelea kuwa na wabunge 2 hadi mwaka 1832.

Upepo wenyewe bado upo. Ulininyang'anya ile kofia uliyonifumia, nikaikimbiza mpaka kwenye tuta, watoto wa watu wananicheka.

Sasa nenda kwa bibi yako, umuulize kisima cha babu: kilikauka, au kilifukiwa tu? Na kiangazi walichota wapi? Fundi usimpe hata shilingi mpaka uniandikie.

Baba yako