Barua ya wazi kwa Baba Askofu: sakramenti zisikwamie ofisini

Mhashamu Baba Askofu,

Tumsifu Yesu Kristo!

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la waamini wote. Mimi ni katekista, na malalamiko ninayoyapokea mengi hayafiki mezani kwako. Siombi sakramenti ya nane. Ninaomba uyatazame masharti tuliyoyaongeza sisi wenyewe huku parokiani, kisha tukayalinda kana kwamba Musa alishuka nayo kutoka mlimani.

Nianze na ubatizo, maana hapo ndipo watu wanapoumizwa mapema zaidi. Mama asiye na ndoa anamleta mtoto wake. Anaambiwa akafunge ndoa kwanza, au amlete baba wa mtoto, au asubiri hadi hali yake "itengemae". Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 868, inataka mambo mawili tu kwa ubatizo halali wa mtoto mchanga: walau mzazi mmoja aridhie, na pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo lisipokuwepo kabisa, ubatizo unaahirishwa na wazazi wanaelezwa sababu. Ndoa ya wazazi haikutajwa. Tena kanuni ya 877 inaeleza jinsi ya kumwandika kitabuni mtoto wa mama asiye na mume. Ya nini kuweka utaratibu wa kumwandika mtoto ambaye hatakiwi kubatizwa? Januari 2014, katika Kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko alimbatiza mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na ndoa ya kiserikali tu. Na mwaka 2023 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa liliandika kwamba hata mtu aliyebadili jinsia anaweza kubatizwa kama waamini wengine, mradi pasiwe na hatari ya makwazo wala mkanganyiko kwa waamini. Sasa mama yule na kichanga chake wana kosa gani kubwa kuliko yote?

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, maana unayajua. Kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka halali, na inamtaka ahakikishe maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Anayedaiwa michango adaiwe michango. Mtoto wake asizuiwe Komunyo ya Kwanza.

Wapo pia wasioonekana kabisa. Kiziwi anakaa miaka bila kuungama kwa sababu padre hajui lugha ya alama, na hakuna aliyemwambia kwamba kanuni ya 990 inamruhusu kuungama kupitia mkalimani, ambaye naye anafungwa na wajibu wa siri. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anarudishwa kwa kuwa hawezi kujibu maswali ya katekisimu. Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 uko wazi: hakuna anayeweza kuwakatalia watu wenye ulemavu sakramenti. Mgonjwa asiyeweza kula ngano, ambayo ndiyo mkate wa Komunyo, anaketi wenzake wakienda kupokea, ilhali kanuni ya 925 inaruhusu, panapo ulazima, Komunyo kwa maumbo ya divai peke yake. Haya hayahitaji sinodi, Baba. Yanahitaji mtu aliyesoma.

Suala la Komunyo kwa walioachana kisha wakaoa au kuolewa na wengine ni zito, na sidai kwamba lina jibu jepesi. Neno la Kristo kuhusu ndoa halikutungwa na paroko. Lakini tangu mwaka 2015 Papa Fransisko alirekebisha mashauri ya ubatilifu wa ndoa, yaani kesi za kuamua kwamba ndoa haikuwa halali tangu mwanzo: hukumu mbili zinazolingana hazihitajiki tena, askofu mwenyewe anaweza kuamua kesi zilizo bayana kwa njia fupi, na aliagiza gharama ziondolewe kadiri inavyowezekana. Ni waamini wangapi wamewahi kuelezwa hayo? Wengi wanaambiwa tu, "Wewe huruhusiwi," wanakaa kiti cha nyuma, kisha hawaji tena. Amoris Laetitia, wosia wake wa mwaka 2016 kuhusu familia, ulitaka wasindikizwe, kila mmoja kwa hali yake. Kusindikiza kunachukua muda, nakubali, na mapadre wetu wamechoka.

Wako watakaoniambia sakramenti hazibadiliki. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulifundisha mwaka 1562 kwamba katika utoaji wa sakramenti Kanisa lina mamlaka ya kuweka na kubadili mambo, mradi kiini kibaki salama. Na limeitumia. Kitubio cha karne za kwanza kilikuwa cha hadharani, na kwa kawaida mara moja tu maishani. Ungamo la faragha lilienezwa baadaye na wamonaki wa Ireland. Mwaka 1910 Papa Pio X aliwafungulia Komunyo watoto wa takriban miaka saba, waliokuwa wakisubirishwa hadi ujana. Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliweka wazi kwamba Mpako Mtakatifu ni wa wagonjwa mahututi kwa jumla, si wa wanaokata roho tu. Nashangaa wanaoilinda desturi ya parokia kwa ukali kuliko Trento ilivyolinda mafundisho yake.

Ombi langu ni moja. Toa agizo kwamba kila anayekataliwa au kuahirishiwa sakramenti apewe sababu kwa maandishi, ikitaja namba ya kanuni, na nakala iletwe ofisini kwako ndani ya mwezi mmoja. Pasipo kanuni ya kutaja, apewe sakramenti. Nasi makatekista tufundishwe kanuni hizo kabla ya mafundisho ya mwaka ujao kuanza, maana mara nyingi sisi ndio wa kwanza kumwambia mtu hapana.

Ndimi mwanao katika Kristo,
Katekista