Anayetoa gari la kifahari aulize litauzwaje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye magari ya kifahari ya milango miwili, yale ya mwendo kasi, wanaokusudia kuyatoa kwa mashirika ya hisani baada ya kuyatumia kwa miaka kadhaa. Nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, gari la namna hiyo, lililo chini mno na lenye buti dogo, halifai kubeba wagonjwa wala misaada, na matairi yake mapana na breki zake ni ghali kubadilisha. Kwa hiyo shirika aghalabu huliuza, na kinacholifikia ni fedha inayobaki baada ya dalali kuchukua chake.

Ndiyo maana mtoaji hana budi kuuliza mapema ni nani atakayeliuza na kwa masharti gani, kisha alikabidhi pamoja na funguo zote na kumbukumbu za matengenezo, kwani mnunuzi akizikosa hushusha bei papo hapo. Nchini Marekani, tangu mwaka 2005, gari linalodaiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 500 likiuzwa na shirika bila kutumiwa wala kukarabatiwa kwa kiasi kikubwa, kiasi ambacho mtoaji anaweza kukiondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi kwa kawaida hakizidi bei liliyouzwa. Naona hiyo ni haki, na ningependa kila shirika limwandikie mtoaji bei hiyo pamoja na fedha iliyobaki mkononi mwa shirika.

Wako mwaminifu,
Msomaji