Mkongo ni wetu sote, hisa ni ya aliyeinunua

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa biashara habari ya kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza mitambo ya mawasiliano, ambayo hisa yake imepanda kwa kasi ya kuwakosesha watu usingizi. Sina ugomvi na habari yenyewe, kwa kuwa bei mliyoiandika ndiyo iliyokuwa sokoni siku hiyo. Ninacholalamikia ni kile ambacho hakikuandikwa, kwa sababu siku mbili baadaye ukurasa huo ulikuwa umekunjwa mara nne katika mfuko wa kanzu ya mweka hazina wa chama chetu, na hoja iliyokuwa mbele yetu ilikuwa kuchukua nusu ya akiba ya wanachama 18 na kuinunulia hisa hizo.

Kikao kilikuwa barazani hapa Kibokoni, Jumamosi jioni, dele la kahawa likizunguka pamoja na sahani ya kashata. Mweka hazina alitupitishia simu yake mkono kwa mkono, kioo chake kina ufa kuanzia pembeni hadi katikati, ili tuuone mstari wa kijani uliopanda kama mkwezi juu ya mnazi. Kila aliyeishika alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ilipofika kwa mzee mmoja ambaye hujinadi kwamba michoro haimhusu, aliirudisha bila kuitazama sana, akauliza: "Vitu vyao hununuliwa na nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na habari yenu, Mhariri, haikuwa nalo pia.

Waliounga mkono hoja walikuwa na sababu ambayo kwa mtu wa Mombasa si ya kupuuzwa. Mji huu ndio mlango wa intaneti ya nchi. Mkongo wa TEAMS, yaani waya mkuu wa mawasiliano, ulitandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ukatufikia mwaka 2009, na wa SEACOM ukaanza kazi mwaka huohuo. Basi ikiwa dunia nzima inataka minara, nyaya na antena, hoja ikasemwa, anayeviuza atakosaje faida? Lakini TEAMS uliundwa na Alcatel-Lucent, na mwaka 2012, mkongo ukiwa unafanya kazi yake vizuri baharini, hisa ya kampuni hiyo iliuzwa Paris kwa bei isiyofika yuro moja. Miaka michache baadaye ikamezwa na Nokia. Manufaa ya mkongo tuliyapata sisi tuliotumiwa picha za wajukuu kutoka Muscat, si aliyeshika karatasi ya hisa.

Mwingine alisema kwamba hii ni sawa na Safaricom. Si sawa. Safaricom, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008, hukusanya shilingi ndogondogo kwa mamilioni ya watu kila siku, na hata hivyo haikupita mwaka kabla bei yake haijashuka chini ya shilingi 3. Muuza mitambo hana mamilioni ya wateja. Ana kampuni za simu chache zenye bajeti kubwa, na bajeti hizo huja kwa misimu kama kusi na kaskazi. Mfano wake ni fundi wa majahazi. Ukitokea mwaka ambao matajiri kumi wanataka vyombo kwa pamoja, fundi huongeza vibarua, hukopa mbao, na anayemtazama kwa mbali hudhani kazi haitakwisha. Lakini chombo kilichoundwa vizuri hukaa majini miaka mingi, na mwaka unaofuata tajiri hahitaji jahazi jingine, anahitaji kalafati tu, yaani kuzibiwa nyufa. Hivyo ndivyo ilivyo mitandao ya simu: kikija kizazi kipya, cha tatu, cha nne au cha tano, maagizo humiminika, kisha wanunuzi hukaa kimya wakisubiri fedha walizotumia zirudi.

Wahenga walituambia tusione vyaelea, vimeundwa; hawakutuambia kama muundaji alilipwa, na hapo ndipo penye uzito wa barua yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni changa za simu huko Marekani zilitaka mitambo bila ya kuwa na fedha taslimu, na watengenezaji wakaanza kuwakopesha wateja wao ili wanunue bidhaa zao wenyewe. Lucent, kampuni ya mitambo iliyotengwa na kampuni ya simu ya AT&T mwaka 1996, ilikuwa mstari wa mbele. Katika vitabu vyake kila mtambo uliotoka bohari ulihesabiwa kuwa mauzo, faida ikaonekana nono, na hisa ikapita dola 80 mwishoni mwa 1999. Aprili 2001 mmoja wa wateja hao, Winstar, alifilisika, na kilichokuwa kimeandikwa kama mauzo kikabaki kuwa deni bovu. Kufikia Oktoba 2002 hisa ya Lucent ilikuwa chini ya dola moja. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka 31, na ninakiri kwamba bado sijaona namna ya kumfanya maskini aonekane tajiri iliyo rahisi kuliko kumkopesha mnunuzi wako.

Nortel ya Kanada ilipita njia hiyohiyo: hisa yake ilizidi dola 120 za Kanada katikati ya mwaka 2000, ikashuka chini ya dola moja mwaka 2002, na Januari 2009 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Aliyeweka shilingi laki moja kileleni hakubaki hata na elfu moja. Cisco ya Marekani, inayotengeneza mitambo ya intaneti, haikufilisika, bali iliendelea kupata faida na bidhaa zake zimo katika ofisi za dunia nzima. Lakini aliyeinunua kwa bei ya Machi 2000, ilipokuwa kwa muda mfupi kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote, alisubiri zaidi ya miaka 20 ili airejee bei aliyonunulia. Katika chama chetu, wanachama watatu wamevuka miaka sabini.

Yapo pia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha hesabu. Aprili 2018 serikali ya Marekani ilizipiga marufuku kampuni zake kuiuzia vipuri ZTE, kampuni ya mitambo ya simu ya China. Biashara ya hisa za ZTE ikasimamishwa, na iliporejeshwa mwezi Juni, bei ya Hong Kong ilianguka kwa takriban asilimia 40 kwa siku moja. Na kwetu kuna shilingi, maana hisa za Marekani hununuliwa kwa dola. Aliyenunua dola mwanzoni mwa 2024 kwa kiasi cha shilingi 160, akaziuza katikati ya mwaka kwa 130, alipoteza karibu moja kwa tano ya fedha zake hata kama hisa yake haikutikisika.

Sisemi haya kwa kujifanya mjuzi. Niliwahi kukopa ili ninunue hisa ambayo kila mtu aliisifu, na nilimaliza kulipa mkopo muda mrefu baada ya hisa yenyewe kunitoka mikononi. Kosa lilikuwa langu. Mtu mmoja mwenye fedha zake za ziada, anayejua kwamba anaweza kuziona zikipungua nusu kwa wiki chache na bado akalala, ana haki ya kununua hisa ya aina hii. Fedha za chama ni jambo jingine, kwa kuwa humo mna karo ya mtu na gharama ya mazishi ya mtu, na mambo hayo hayasubiri bei ipande.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapoandika kwamba hisa ya watengeneza mitambo imepanda, ongezeni mistari minne: wateja wake wakubwa ni wangapi na wanabeba sehemu gani ya mauzo, wanadaiwa kiasi gani na kwa muda gani, bidhaa ambazo hazijanunuliwa zimerundikana bohari au zimepungua, na fedha taslimu zilizoingia zinalingana na faida iliyotangazwa. Mengi ya haya yamo katika taarifa za hesabu ambazo kampuni zilizoorodheshwa Marekani hutakiwa kuzitoa kwa umma, na mwandishi anayeijua kazi yake huyapata kabla kahawa haijapoa.

Hoja yetu haikupigiwa kura. Tutakutana tena Jumamosi baada ya Alasiri, na mweka hazina ameahidi kuja na taarifa hiyo ikiwa imechapishwa, maana wazee wamekataa kusoma hesabu kwenye kioo chenye ufa. Mimi nimetakiwa nikae karibu naye tutakapofika kwenye ukurasa wa wadaiwa.

Mhasibu mstaafu,
Kibokoni, Mombasa