Ndege ya taa na hela ya salfa

San Diego, Jumapili usiku

Dada Somoe,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na ya tatu nilikuwa nimeshakasirika. Mjomba anawaambia watu barazani kwamba nafagia ndege Marekani? Mwambie sifagii. Naziunda.

Msomee na hii. Kampuni yetu changa, wote hatujazi basi moja la Dar. Tunaunda ndege ya mizigo ambayo mwili na mabawa ni kitu kimoja, bapa. Nenda feri asubuhi umtazame samaki taa alivyolazwa kwenye turubai: ndiyo hiyo. Mwili mzima unasaidia kuinua, kwa hiyo mafuta yanaliwa kidogo na tumboni mna nafasi. Wala si ndoto ya jana. NASA na Boeing walirusha ya mfano, X-48B, mwaka 2007, mabawa mita 6 na ushei, rubani kakaa chini anaiongoza. Abiria baadaye, maana ndege ikilala kona, wa pembeni wanapanda na kushuka kama wako kwenye dau siku ya kusi. Gunia halitapiki.

Mimi nalaza vitambaa vya nyuzi za kaboni kwenye kalibu, tabaka juu ya tabaka, nasukuma hewa itoke. Povu likibaki, kipande kinatupwa. Juzi msimamizi kakigonga changu kwa sarafu, huku na huku, kikalia sauti moja mwanzo mpaka mwisho. Akasema "sawa" akaenda zake. Nikamwona baba Mikindani, anagonga mbao za dau baada ya kutia kalafati, kainamisha sikio. Nikaingia chooni nikakaa kidogo.

Mambo ya kodi ya chumba tuyaache.

Sasa hela. Salfa, dawa ya mikorosho, inagawiwa ya ruzuku na jina la Mama limo kwenye daftari la chama cha ushirika. Hiyo laki nne anayoitaka Mjomba ya "kununua salfa" ni ya nini? Ya vibarua wa kupulizia natuma Ijumaa, kwenye namba yako, si ya Mjomba. Na mikorosho ya Naliendele haiuzwi. Asinizungushe.

Anasema ndege zetu zitaishia kama reli ya ule mradi wa karanga wa Waingereza aliyoijenga Babu, ikang'olewa. Huenda, mpaka leo hatujabeba hata gunia moja. Ila barabara ilipokatika Somanga mwaka 2024, nani alilala siku tatu kwenye basi, anapiga simu huku akitaka nauli ya kurudia? Mkumbushe, taratibu, mbele ya watu wale wale.

Picha ya Mama nimeiona. Amekonda. Nani anampikia siku hizi? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Yule kijana wa Dar akipita mwezi ujao, mpe korosho za kuchoma, zile zenye masizi. Za paketi hata huku zipo.

Mdogo wako,
Hamisi