Raia asigeuzwe tarishi wa ofisi

Kwa Mhariri,

Tangu mwaka 2014 serikali ya Kenya imekuwa ikihamishia huduma zake kwenye tovuti ya eCitizen, na hilo ni jambo jema kwetu wakazi wa visiwa vya Lamu, ambako karatasi moja humlazimu mtu wa Faza kupanda mashua hadi Amu na pengine kulala huko bahari ikichafuka. Hata hivyo, mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu, mama aliyekwisha kujaza fomu na kulipa kwa simu, hadi katika ofisi moja ambako karani alimtaka alete nakala tatu za fomu ile ile, kisha akayanakili majina yake kwa kalamu kwenye daftari kubwa lililolegea kurasa. Kompyuta ilikuwapo mezani, imefunikwa kitambaa.

Mfumo wa X-Road, ambao Estonia imeutumia tangu mwaka 2001, huziwezesha idara kupeana taarifa zenyewe bila kumtuma raia huku na huko. Naiomba serikali yetu ibadilishe utaratibu wa kazi na kuwafunza makarani kabla ya kununua mashine nyingine.

Mkazi wa Langoni,
Lamu